Kwa nini wanyama wadogo wakirudishwa msituni wengi wanakufa? Na kwa Pugu yetu ingekuwaje?

#1 Jirani wa Pugu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari.

Mimi ni mwanaikolojia, na kazi yangu ni wanyama wadogo wanaonyonyesha, wale ambao gari la watalii halisimami kuwaangalia. Nimefanya kazi Australia kwenye maeneo ya uzio wanakorudishwa wanyama waliotoweka. Sasa niko nyumbani, naishi Gongo la Mboto, na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni jirani yangu.

Australia imepoteza zaidi ya aina 30 za wanyama wanaonyonyesha tangu Wazungu wahamie mwaka 1788. Mwaka 1989 watafiti Burbidge na McKenzie walionyesha kwamba walioumia zaidi ni wale wa kati ya gramu 35 na kilo 5.5. Yaani mdogo wa kutosha kuliwa na paka au mbweha mwekundu aliyeletwa kutoka Ulaya, lakini mkubwa kiasi kwamba hajifichi kirahisi wala hazai haraka kama panya wa kawaida. Kwa hiyo wenzetu wanajenga uzio, wanawaondoa paka na mbweha wote ndani, halafu wanarudisha bilbi (mchimba mashimo mwenye masikio marefu), betongi (kama kangaruu mdogo) na wengine. Ndani ya uzio wengi wanaishi na kuzaana. Ukiwaachia nje, mara nyingi wanakwisha.

Kazini kila mtu ana maelezo yake ya kwa nini wanakufa. Nataka kuyasikia ya kwenu, hasa wenye shamba au nyumba karibu na Pugu, Pande, Kisarawe au Mabwepande. Hapa tuna sange mweusi na mwekundu, mla wadudu wa chini ya miti, tuna komba wa Rondo wa gramu sitini hivi ambaye aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii za nyani na komba 25 zilizo hatarini zaidi duniani. Msimamo wangu nausema mapema: tusingoje sange aishe Pugu ndipo tuanze kuomba fedha za kumrudisha. Kurudisha ni kazi inayoshindwa mara nyingi mno.

#2 Fundi Bomba Tandika

Mkuu, hongera kwa kusoma. Ila naomba nielewe, unalipwa mshahara kulea panya? Huku Tandika tunao wa bure, njoo na gunia.

#3 Mama Tausi

Fundi acha utani, kaka kauliza jambo la maana.

Mimi nakaa Madale. Tulipohamia kulikuwa na komba kwenye miembe, usiku wanalia mpaka watoto wanaogopa. Jirani akaleta paka wawili, wakazaana, leo ukihesabu paka wa mtaa huu hutamaliza. Komba siwasikii tena. Kwangu mimi jibu ni paka, sihitaji utafiti.

#4 Mzaramo wa Kisarawe

Mama Tausi, kabla ya paka iliondoka miti. Madale ya zamani ilikuwa pori, leo ni mabati na kuta. Komba atalala wapi mchana? Paka tunamsingizia kwa sababu tunamwona na windo mdomoni.

Nimekulia nyuma ya Minaki. Sange tulikuwa tunawaona asubuhi wakipekua majani kwa pua, ukikanyaga kijiti anapiga mkia chini na kutoweka. Vijana waliwakamata kwa tanzi na mbwa. Nyama yenyewe haishibishi mtu. Baadaye wakata mkaa waliingia kwa wingi. Msitu ukishakatwa, jua linafika chini, majani makavu yanaungua kwa moto wa kila kiangazi, na sange hana pa kutafuta wadudu. Hata umpe walinzi kumi, atakufa njaa.

#5 Bwana Ndezi

Huyo sange si ni panya mwenye pua ndefu tu?

#6 Jirani wa Pugu

#5, hapana mkuu. Sange si panya wala si kirukanjia. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na tembo, pimbi na muhanga kuliko panya wa jikoni kwako. Wa Pugu ana uzito wa nusu kilo hivi, anaishi dume na jike kwenye eneo lao, na hulala kwenye kiota cha majani chini ya miti. Sange wa jamii hii wanazaa mtoto mmoja mmoja. Hapo ndipo ugumu ulipo: panya anarudi kwa wingi baada ya janga, sange hana kasi hiyo.

Mzaramo wa Kisarawe, hiyo ya majani makavu ndiyo ninayoiona mimi pia nikiingia Kazimzumbwi. Pale ambapo majani yamefagiliwa na moto sioni hata alama ya pua.

#7 Nahodha wa Mjimwema

Na mwaka 2008 si walitangaza sange mwingine mpya kule Udzungwa? Mwenye uso wa kijivu. Kamera ilimnasa 2005, mtafiti Rovero na wenzake wakamwandika. Gramu mia saba, mkubwa kuliko sange wengine wote. Nchi hii bado tunagundua wanyama wakubwa kama sungura mdogo, halafu tunaulizana kama wana maana.

#8 Kijana wa Mlimani

Wakuu, mbona tunazunguka mbali? Tanzania tumeshafanya kazi hii na tumefaulu: bonde la Kihansi. Wanyama wadogo 500 walipelekwa Marekani wakarudishwa. Basi tufanye hivyo hivyo kwa sange.

#9 Dokta wa Mifugo

Kijana wa Mlimani, naunga mkono moyo wako lakini turekebishe. Wa Kihansi ni chura, hanyonyeshi: anazaa vichura vilivyokamilika. Waliochukuliwa mwaka 2000 ni 499, wakaenda kwenye mabustani ya wanyama ya Bronx na Toledo. Bwawa la umeme lilikuwa limepunguza sana maji ya maporomoko, na ule ukungu wa maji uliokuwa unalowesha bonde ukaisha. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. 2010 mia moja wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye chumba maalumu, na kuwaachia bondeni kukaanza 2012.

Neno "tumefaulu" tulipime. Kule ilibidi kwanza waweke mabomba ya kunyunyizia maji ili kuigiza ukungu. Na kuna fangasi wa ngozi ya vyura ambaye bado ni tishio. Hapo ndipo maelezo yangu yalipo kuhusu swali la #1: magonjwa. Mnyama aliyezaliwa kwenye kizimba anarudi porini na vimelea asivyovijua, au anawapelekea wa porini vyake. Mfano ni kicheche wa Marekani mwenye miguu myeusi. Mwaka 1987 walibaki 18 tu, wote wakiwa kizimbani. Wamezalishwa wakaachiwa tena na tena, lakini tauni inawaua wao na inaua wale kindi wa ardhini ambao ndio chakula chao. Ilibidi wachanjwe, na mashimo ya chakula chao yapulizwe dawa ya viroboto wanaoieneza.

#10 Kijana wa Mlimani

Asante Dokta, nimekusoma. Basi kisiwa cha Rubondo? Sokwe walirudishwa na wapo hadi leo.

#11 Nahodha wa Mjimwema

Rubondo sokwe hawakurudishwa, walipelekwa. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa 17 waliotoka Ulaya, kwenye kisiwa ambacho hakikuwa na sokwe. Kima punju wa Unguja pia walipelekwa Ngezi, Pemba, mwaka 1974, na Pemba hakukuwa na kima punju.

Ukitaka mfano wa kisiwa, tazama Chumbe. Panya waliondolewa 1997, na paa nunga wakapelekwa pale kwa sababu kwao Unguja walikuwa wanawindwa. Kisiwa ni uzio ambao Mungu ameshaujenga.

#12 Fundi Bomba Tandika

Nahodha kila uzi lazima atupandishe boti.

#13 Nahodha wa Mjimwema

Na wewe kila uzi lazima ufungue bomba 😀

#14 Jirani wa Pugu

Nahodha, kisiwa kina faida kubwa lakini kina gharama yake. Sikilizeni kisa hiki, ndicho kinachoninyima usingizi zaidi kuliko paka.

Kaskazini mwa Australia kuna mnyama anaitwa kwoli, mla nyama mdogo mwenye madoa. Chura wa sumu aliyeletwa nchini humo mwaka 1935 alisambaa, kwoli wakamla, wakafa kwa wingi. Mwaka 2003 kwoli 64 walipelekwa visiwa viwili visivyo na chura huyo wala na mbwa mwitu wao, dingo. Wakaongezeka hadi maelfu. Kila mtu alifurahi. Mwaka 2016 baadhi ya wajukuu wao walirudishwa bara, Kakadu, wakiwa wamefundishwa kutokula chura. Somo la chura walilielewa. Lakini dingo wakawamaliza. Vizazi vichache tu bila adui, na hofu ya mbwa ilikuwa imetoka kwenye damu yao.

Kwa hiyo maelezo yangu mimi ni hofu. Huko Arid Recovery, eneo la uzio la kilomita za mraba 123 karibu na Roxby Downs, watafiti walifanya kitu ambacho wengi walikiona kama ukatili: waliwaachia paka wachache makusudi ndani ya sehemu yenye bilbi. Bilbi walioishi na paka hao wakawa waangalifu zaidi kuliko wenzao wasiowahi kumwona paka. Sasa uzio wa kulinda mnyama asiuawe unaweza pia kumfanya ashindwe kuishi nje milele.

#15 Mama Tausi

Kaka, umesema mwenyewe: nje ya uzio wanauawa na paka na mbwa. Basi tumekubaliana. Jibu ni paka.

#16 Jirani wa Pugu

Dada Tausi, Australia ndiyo. Hapa sina hakika hata kidogo. Wanyama wa kwao hawakukua na jamii ya paka. Wetu wamekua na kanu, fungo, nguchiro, mondo, chui, bundi na chatu tangu zamani. Sange wa Pugu anajua kukimbia. Paka wa Madale anakula komba, sibishi, lakini sidhani ndiye anayeamua kama msitu mzima utabaki na wanyama au la. Mbwa wa kuwinda wanaoingia kundi zima ni habari nyingine.

#17 Mzee wa Chanika

Hamjambo vijana.

Mnasahau kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu hawakuwepo bara. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka, wakazaliana, wakavuka bahari. Leo Dar nzima ni wao. Wanakula mayai, vifaranga, mijusi, na nimeona kwa macho yangu wakimpokonya mama panya buku watoto wake kwenye shimo lililofukuliwa na trekta. Mnyama mdogo anayetoka mchana mahali peupe hana usalama na kunguru.

#18 Mzaramo wa Kisarawe

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa kwa mjini. Lakini ndani ya msitu mnene kunguru hapiti, anakaa ukingoni kwenye majalala na nyumba. Tunarudi palepale: kadiri tunavyoukata msitu, ukingo unakuwa mwingi na kati inakuwa ndogo.

#19 Mzee wa Chanika

Marahaba. Hapo umenena.

#20 Mtega Panya Moro

Nimechelewa kuuona uzi huu. Nimefanya kazi ya shambani ya kutega panya kwa utafiti Morogoro kwa miaka mingi, naweza kuongeza la mikononi.

Watu wanabishana paka, njaa, ugonjwa, lakini wanyama wengi wanakufa kwa mshituko wa kushikwa na kuhamishwa. Unamtega kwa mtego wa bati, chambo chako siagi ya karanga umechanganya na pumba. Ukichelewa asubuhi, jua likipanda bati linakuwa jiko. Usipoweka nyasi au pamba ndani, usiku wa baridi anakufa. Siafu wakipita, unakuta mifupa. Mnyama aliyepona hapo unamtia kwenye kisanduku, unamweka kwenye gari, barabara ya vumbi, kelele, harufu ya watu. Halafu unamfungulia mahali ambapo hajui shimo hata moja. Anakimbia usiku kucha. Asubuhi bundi ameshamwona.

Ndiyo maana wengine wanajenga kizimba kidogo palepale msituni, wanamkalisha, wanamlisha, azoee harufu na sauti za mahali, ndipo wanafungua mlango. Wengine wanamwachia moja kwa moja. Nimeona watu wazima wakigombana kwa sababu ya mlango huu mmoja.

#21 Dokta wa Mifugo

Mtega Panya, kizimba nacho kina ubaya wake. Wanyama wakiwekwa pamoja wanaambukizana, wanagombana, wanapungua uzito. Kwa mnyama anayeishi wawili wawili kwenye eneo lake kama sange, ukiwachanganya watano ndani ya wavu mmoja umewaua mwenyewe.

#22 Mtega Panya Moro

Ndiyo maana sikusema watano. Nimesema kizimba. Kila jozi na lake.

#23 Dokta wa Mifugo

Sawa, hapo tuko pamoja. Gharama je?

#24 Bwana Ndezi

Swali la gharama ndilo langu pia. Jirani wa Pugu, uzio kama huo ni bei gani? Maana hapa hata uzio wa shamba la mihogo nguruwe mwitu wanaupita.

#25 Jirani wa Pugu

Bwana Ndezi, nikupe picha. Newhaven, katikati ya Australia, uzio ulikamilika 2018: urefu kilomita 44, ukizunguka hekta 9,400. Juu una mkunjo unaolegea ili paka akipanda aanguke, chini wavu umelazwa ardhini kuzuia kuchimba. Umalize kujenga, ndipo uwinde kila paka aliye ndani hadi wa mwisho. Halafu uukague milele, maana mti ukianguka juu yake au kangaruu akiugonga, mlango uko wazi.

Na ndani nako hakutulii. Arid Recovery betongi walifaulu kupita kiasi wakala mimea mpaka ikawa tatizo, kwa sababu hakuna wa kuwapunguza. Kwa Pugu sioni uzio kabisa. Pana barabara, reli ya mwendokasi, watu wanaotafuta kuni na uyoga, mashimo ya zamani ya udongo mweupe. Utamfungia nani nje?

#26 Binti wa Ilala

Nimesoma kimya kote huku. Naomba kuuliza kitu ambacho hakijaguswa. Tukisema "turudishe", turudishe kutoka wapi? Kama sange wa kipande kimoja wameisha na unachukua wa msitu wa Zaraninge kuwaleta, umepunguza Zaraninge. Na ukichukua wachache mno, si watazaana ndugu kwa ndugu?

#27 Kijana wa Mlimani

Swali zuri dada. Mwongozo wa 2013 wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, unalisema hilo: kundi unalochukua lisidhurike, na sababu iliyowaua mwanzo iwe imeondolewa kabla hujarudisha. Naona hiyo ya pili ndiyo inamaliza ubishi wote hapa. Kama hujui ni paka au mkaa au tauni, huna ruhusa ya kurudisha.

#28 Mtega Panya Moro

Kijana, vitabuni ni rahisi. Porini sababu hazikai kwenye foleni. Mkaa unaleta njia, njia inaleta mbwa, mbwa analeta ugonjwa, na mnyama aliyedhoofika kwa njaa ndiye anayeshikwa kwanza. Ukiokota mzoga wenye alama ya meno utaandika "ameuawa na mbwa". Utakuwa umeandika kilichommalizia.

#29 Jirani wa Pugu

#28, hili ningependa kila mwanafunzi alisome. Mwaka 2018 kwoli wa mashariki waliachiwa Booderee, kusini-mashariki mwa Australia. Wengi walikufa ndani ya miezi michache: wengine mbweha, wengine magari. Walikuwa na kola za redio, kwa hiyo vifo vilifuatiliwa. Na bado watu wanabishana kama tatizo lilikuwa mbweha, barabara, au wanyama wenyewe kukulia kizimbani.

Binti wa Ilala, kwa Zaraninge jibu langu la moyoni ni hapana, nisingegusa hata mmoja kabla hatujajua wako wangapi. Ndiyo kazi ninayoomba fedha sasa: kamera za kutegesha, kuhesabu viota, kutembea usiku na tochi kusikiliza komba wa Rondo, maana kila aina ya komba ina mlio wake na kwa mlio ndiyo unamtambua. Nilipopeleka andiko ofisi fulani nikaulizwa kama kuna tembo. Nilisema hapana, kuna ndugu yake wa nusu kilo.

#30 Fundi Bomba Tandika

Hilo la ndugu wa tembo limeniingia. Nilikuja kutania, lakini swali serious: mtu wa kawaida kama mimi anafanya nini? Nikienda Pugu Jumapili na vijana wangu naona miti tu.

#31 Jirani wa Pugu

Fundi, nenda asubuhi na mapema, ukae kimya pembeni ya njia yenye majani mengi makavu. Usitafute kwa macho, sikiliza mchakacho. Ukiona mnyama, andika mahali, saa, na kama ulikuwa msitu mnene au ukingo. Walinzi wa pale wanapenda watu wanaouliza.

#32 Mama Tausi

Na paka wafungwe kengele shingoni.

#33 Mzaramo wa Kisarawe

Na mkaa upatiwe mbadala wa bei ambayo mtu wa Buguruni anaweza. Gesi ya mtungi mdogo ikipanda, jioni hiyo hiyo gunia linashuka kutoka Kisarawe. Mimi nina jamaa zangu kwenye kazi hiyo, si watu wabaya. Ukiwaambia habari za sange wanakusikiliza, halafu wanakuuliza ada ya shule italipwa na nani.

#34 Dokta wa Mifugo

Mzaramo, na mbwa wa hao jamaa zako wamechanjwa kichaa cha mbwa? Nauliza kwa nia njema. Ningeweza kuja na wanafunzi wangu siku moja.

#35 Mzaramo wa Kisarawe

Wengi hawajachanjwa. Njoo, nitawaambia. Lakini uje Ijumaa baada ya swala, siku nyingine wako porini.

#36 Mtega Panya Moro

Jirani wa Pugu, ukianza kutega usitumie chambo cha karanga kwa sange, hataingia, yeye ni wa wadudu. Tumia nyavu na kusukuma taratibu. Na tafadhali, mkia usimshike.

#37 Binti wa Ilala

Kwa nini mkia usishikwe?

#38 Mtega Panya Moro

Ngozi inaweza kuchunuka. Mshike kifuani, mkono mmoja chini ya miguu ya nyuma, kitambaa kifunike macho. Atatulia mwenyewe.